Si Bata, Bibi

Ganshoren, Brussels, 13 Oktoba 2024

Kwako mdogo wangu Rukiya,

Salamu nyingi zikufikie hapo Buyenzi, na usiseme hazikutosha. Mimi mzima, ila goti la kushoto limejipa madaraka, linaamua lenyewe lini tutapanda ngazi. Kassimu mwanangu yuko salama, bado anaendesha tramu: anazunguka mji mzima kutwa nzima na jioni anarudi palepale alipoanzia. Mkewe Naïma amepata kazi ya kusafisha maofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord, anaondoka alfajiri na mtoto namvalisha mimi. Kartiye yetu kimya, mpaka mbwa wa hapa wanabweka kwa kuomba radhi.

Utauliza kwa nini nakuandikia na simu zimejaa duniani. Kwa sababu kwenye simu nikianza kukukemea unasema "allô, allô, sikusikii", unakata. Barua haikatwi. Anakuletea Yusufu, yule anayeuza vipuri vya magari. Mpe chai, usimpe habari zangu.

Sasa neno lenyewe. Karimu. Unajua mimi si mtu wa kusifu, donc soma pole pole, sitarudia. Miaka yote mitatu ambayo Kassimu alikuwa anahangaikia karatasi za kuwaleta huku, mkewe na mtoto wakawa kwako, mimi nilikuwa nasema moyoni: Rukiya ataniletea mhuni. Tangu wafike mwezi wa nane namtazama mtoto huyu, na franchement, kusema kweli, umenishangaza. Ana adabu! Watu wazima wakiongea, kimya. Ukimuuliza kitu, anainamisha macho. Mezani kimya, msikitini kimya, na mwalimu wake anasema hata shuleni kimya. Watoto wa hapa wanajibizana na mama zao kama mawakili. Wa kwetu ametulia kama mtungi. Nimewaambia wanawake wote msikitini: huyu kalelewa na mdogo wangu. Sikukudhania.

Anakula vizuri. Nimemnunulia koti.

Dada yako,
Hidaya

---

Buyenzi, 10 Novemba 2024

Dada Hidaya,

Asalam alaykum. Sisi hapa tunashukuru. Mvua imeanza na ukuta wa jirani umelala chini, sasa tunaonana hadi vyunguni. Mafuta ya magari hakuna, watu wanasukuma teksi kama mikokoteni, na dereva anakaa ndani anakwambia geuza kulia. Yusufu kafika, kanywa chai, habari zako kanipa yeye bila kuulizwa.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Dada, mlipokea mtoto wa nani uwanja wa ndege? Kwa sababu Karimu niliyekuwa naye mimi alikuwa hanyamazi hata usingizini. Alimwambia imamu mbele ya safu nzima kwamba kanzu yake ameivaa nyuma mbele. Muuza maandazi alihama kona kwa ajili yake, kwa kuwa kila asubuhi mtoto alimhesabia chenji kwa sauti. Mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kusimulia habari mpaka mwisho, kila sentensi ananirudisha nyuma.

Hiyo unayoiita adabu mimi siijui. Mtoto wa miaka mitano akinyamaza miezi mitatu, hajapata adabu, amepata jambo. Mpelekeni kwa watu wanaojua.

Unasema anakula. Sikuuliza kama anakula.

Kassimu kanitumia ujumbe kwamba Karimu aongee nami kwenye simu. Mwambie umeme wa hapa ni wa kubahatisha, simu yangu haina chaji.

Mdogo wako,
Rukiya

---

Ganshoren, 3 Desemba 2024

Rukiya,

Salamu. Goti limezidi, Kassimu mzima, Naïma ana mafua, theluji bado lakini mbingu imenuna kama mkwe.

Wewe ndiye wa kunifundisha mtoto? Mimi niliyezaa sita na kuwanyamazisha wote? Bon. Uliyoandika nimeyaona. Na kwa kuwa umejifanya mjuzi, nakwambia: shule walishatuita zamani, kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Sikukwambia kwa sababu hukuuliza.

Wanasema hivi. Karimu haongei na mwalimu, haongei na watoto wenzake, kwa mama yake peke yake ndiko anakonong'ona, tena jikoni, kama mwizi anayegawana mali na mwenziwe. Wanasema baridi ikiisha kutakuwa na kikao. Kama bado hasemi, Septemba wenzake wakiingia darasa la kwanza yeye hatakwenda nao. Atapelekwa shule nyingine ya watoto maalumu, mbali, basi dogo linampitia alfajiri gizani. Naïma kalia mpaka mafua yakapona yakarudi. Kassimu kasema "tutaona". Hilo ndilo neno lake kwa kila kitu, hata alipooa.

Wakati tunaona, wametupeleka kwa logopedi. Ni mwalimu wa kufundisha watoto kusema. Ndiyo, Rukiya, Ulaya kuna watu wanasomea hilo, miaka, na diplome ukutani. Kila Jumatano mchana shule za hapa zinafungwa, namchukua mimi kwa basi. Anaitwa Madame Graciella, kijana, kazaliwa hapa, mama yake wa Lubumbashi, anaongea Kiswahili cha kule cha "mutoto" na "iko nini". Nilimwambia, mwanangu, hicho ni Kiswahili au ni mizigo imeanguka? Akacheka. Hana haya.

Sasa sikia dawa yenyewe. Wanyama wa baridi. Nakuapia. Kuanzia sasa mpaka Machi ni wanyama wa baridi tu. Kamwaga pamba mezani, anasema ni theluji. Ndani ya pamba kaficha vinyama na vikadi vya picha: dubu, mbweha mweupe, kindi, na kalunguyeye aliyejiviringisha kama soksi. Mtoto anapewa mrija apulize pamba mpaka mnyama aonekane, ati inazoesha mdomo. Nimepanda mabasi mawili na goti hili kuja kumtazama mjukuu wangu anapuliza pamba.

Halafu anachukua picha anamuuliza, "Karimu, iko nani uyu?" Mimi nikasema, Madame, si picha umechapisha wewe mwenyewe? Kama humjui kwa nini umemleta? Kwetu mtu anauliza asichokijua. Anayeuliza anachokijua ni polisi. Akaniambia, "Maman, tafazali, tumuache mutoto." Tukamuacha. Mtoto akatazama sakafu.

Tena kuna dubu wa kahawia. Baridi ikianza anaingia shimoni analala mpaka iishe, hafanyi kazi, hatafuti chakula, na jike humo humo shimoni anazaa na kunyonyesha. Nikamwambia Graciella, huyo namfahamu, ni marehemu shemeji yangu, mume wa Rukiya.

Nikavumilia yote. Lakini akatoa mfukoni bundi. Bundi mweupe, wa manyoya, macho ya njano, akamweka kwenye paja la mtoto! Mtoto ambaye tayari ana tatizo! Nilimshika yule bundi kwa mguu nikamtupa koridoni. Kulikuwa na mwanamke wa Kizungu anasubiri na binti yake, bundi akamwangukia. Akasema "oh, merci, madame". Watu hawa hawajui hatari.

Umeme wenu utarudi lini?

Hidaya

---

Buyenzi, 27 Desemba 2024

Dada,

Salamu zote zimefika, pamoja na za bundi.

Marehemu mwache apumzike. Alilala sana, nakubali, ila hata dubu hajawahi kukoroma mpaka majirani wakachangishana wamnunulie godoro awe anageukia upande wa pili. Wewe nawe wa kwako alikuwa macho usiku kucha, tulijua sote alikuwa wapi. Tuendelee.

Nimewauliza watu hapa. Jirani wa ukuta ulioanguka anasema mtoto apewe maji aliyonywea kasuku. Nikamuuliza kasuku yuko wapi Buyenzi nzima, akasema hilo ni kazi yangu. Mwingine anasema mumpige kidogo mdomoni na kijiko cha mti. Usifanye. Nakujua, ukiambiwa kidogo unafanya kikubwa.

Mimi huyo Graciella simwoni mbaya. Pamba haijamuua mtu. Muache afanye kazi yake na wewe ukae kwenye kiti.

Karimu anapenda kalunguyeye? Hapa alikuwa na kobe, kobe akatoroka. Alimtafuta siku nyingi na kila mpita njia alimweleza sura yake. Ukimpa nafasi atakueleza na wewe.

Simu sasa chaji ipo lakini laini wameifunga, sijui walitaka nini.

Rukiya

---

Ganshoren, 15 Januari 2025

Mdogo wangu Rukiya,

Heri ya mwaka. Wote wazima. Theluji imeanguka, Naïma kateleza mbele ya ofisi yake na Wazungu watatu wakamwinua na mmoja akamwomba msamaha kwa niaba ya theluji. Nilikwenda Matonge kwenye maduka ya Waafrika, ile Galerie d'Ixelles, kutafuta ndagala, dagaa za kwetu ziwani. Nikazipata, kavu kama mashairi ya mjomba wetu. Nimezila hivyo hivyo.

Kaa chini.

Jumatano iliyopita tuko kwa Graciella. Kaleta mnyama mpya, ndege mweusi kwa mweupe kasimama wima. "Karimu, iko nani uyu?" Kimya. "Anaishi wapi?" Kimya. Anakula nini, anapenda nini, kimya, kimya. Mimi basi langu liko karibu kupita, goti linanipigia kelele, nikaona tutalala hapa. Nikasema, "Bata. Ni bata kavaa koti la harusi. Haya, twendeni nyumbani."

Graciella akasema, "Maman, kidogo—"

"Bata!" nikasema. "Nimefuga bata Buyenzi kabla mama yako hajaota meno, mimi wa kufundishwa bata?"

Nikasikia sauti. Rukiya, nilidhani ni redio.

"Si bata, bibi."

Nikageuka. "Umesemaje wewe?"

"Si bata. Bata ana shingo, huyu hana shingo. Na miguu yake iko chini sana. Bata akikaa kwenye barafu atateleza, kama mama. Ni pengwini. Madame alisema siku ile nyingine, wewe bibi ulikuwa unasinzia."

Mbele ya mgeni! Na mimi sikuwa nasinzia, nilikuwa nimefumba macho kwa ajili ya mwanga. Unajua mkono wetu wa ukoo, hauombi ruhusa: ulikuwa umeshafika sikioni. Graciella akaudaka hewani.

"Maman, usimufinye! Anasema!"

"Anasema nini? Ananitukana!"

"Njo vile, maman! Anakutukana, lakini anasema!"

Akaanza kulia. Mtu mwenye diplome ukutani analia kwa furaha kwa sababu mtoto kamvunjia bibi yake heshima. Karimu akatutazama sote wawili, akaona mambo yameharibika, akafunga mdomo. Hakuufungua tena siku hiyo.

Sasa ndipo matusi yanapoanza. Tukiwa tunavaa makoti Graciella ananiambia nje, pole pole, kama anaomba kuazima sufuria: "Maman, kila Jumatano ukuje, ukae karibu naye, ukosee."

Nikosee! Mimi! Nilimuuliza kama kuna mtu mwingine Brussels anayealikwa rasmi kukosea. Akasema, "Wewe useme tu unavyoona, maman." Yaani anaona nikisema tu ninavyoona itatosha. Nimekasirika mpaka leo.

Lakini nilikwenda. Jumatano hii kaleta mnyama wa baharini, mnono, masharubu, hana miguu. Nikasema ninavyoona: mbwa aliyekatwa. Karimu kacheka kwanza, halafu kaniambia maneno mengi kuhusu sili, kwamba ana miguu ila ameifunga nyuma. Kaongea, Rukiya. Nimekaa kwenye kiti kidogo cha watoto, ninasahihishwa na mtu anayefungiwa viatu na mimi.

Usimwambie mtu. Yusufu hasa.

Hidaya

---

Ganshoren, 20 Februari 2025

Rukiya,

Hujajibu. Najua Yusufu amechelewa kuondoka, lakini ungeweza kujibu.

Salamu sitaki kuziandika leo, wote wapo.

Mtoto amenyamaza tena. Na kabla hujafungua mdomo wako, hili halikuwa kosa la mtu. Mimi niliona si vizuri mwanamke wa umri wangu kuita sili mbwa. Nikamwambia Naïma anisomee usiku kitabu cha watoto chenye wanyama wa baridi wote, nikawakariri. Dubu mweupe, mbweha, yule paa mwenye mapembe kama mti mkavu, wote, na wanakokaa na wanachokula. Jumatano nikafika, nimejifunga kilemba changu kizuri. Graciella anatoa picha, mimi nataja. Anatoa, nataja. Kama siku ya kuhitimu juzuu. Sikukosea hata mmoja.

Graciella alinitazama kama nimevunja sahani ya mgeni. Karimu akaweka mikono kwenye mapaja na kutazama sakafu. Kimya cha mwezi wa kumi kimerudi.

Jumatano iliyofuata nikasema basi nitajifanya. Nikamwita pengwini kuku. Aliniangalia vile Kassimu anavyosema wanaangalia tiketi iliyokwisha muda. Anajua, Rukiya. Ukijifanya anajua. Nikamwita mbuzi, nikamwita padri. Hakuna.

Kikao cha shule ni tarehe 18 Machi. Direkta, mkuu wa shule, atakuwapo, na mama wa ofisi inayopima watoto, na Graciella. Naïma haongei na mimi, anasema "ndiyo mama" na "hapana mama". Juzi kaniambia, na sikumuuliza, kwamba mtoto akinong'ona jikoni anaulizia habari zako wewe. Nilimwambia chumvi imezidi kwenye maharage.

Wewe ulikuwa naye. Ulimfanyaje akasema? Nijibu upesi na usinicheke.

Hidaya

---

Buyenzi, 4 Machi 2025

Dada yangu Hidaya,

Ramadhani karim. Barua zako mbili zimefika siku moja, ya bata na ya kilemba. Ombi lako la mwisho nimeshindwa. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Padri!

Haya, nimemaliza.

Unauliza nilimfanyaje. Sikumfanya kitu. Mimi nakosea kweli, dada, sijifanyi. Tangu tukiwa watoto nachanganya siku, nachanganya majina ya watu, hadithi naanzia katikati. Na nani alikuwa ananirudisha kila neno? Wewe. Hata siku ya harusi yangu ulinisahihisha mbele ya kadhi. Ulipokimbilia huko Ulaya nyumba ikawa haina mtu wa kuniambia nimekosea, ikanibidi niwe sahihi tu, peke yangu. Mpaka alipokuja huyo mtoto. Alipoanza kusema tu, akaanza na mimi. Donc tabia hiyo usinipe mimi. Ni ya kwako, imepita juu ya Kassimu ikatua kwa mjukuu.

Ila kitu kimoja nakumbuka. Kabla hajamsahihisha mtu mzima, alikuwa ananitazama mimi kwanza, usoni. Namna ya kuuliza, bibi, niseme? Mimi namwambia: sema. Ndiyo hivyo tu. Siku moja sikumwambia, kwa sababu ya wageni, na alimeza neno lake lote, hakulitoa hata walipokwisha kuondoka. Mtoto yule haogopi. Anangoja.

Sijui kama itakusaidia. Ni wewe uliyesema yeye anatazama sakafu, labda alikuwa ameshatazama juu na hakuona kitu.

Kuhusu simu, kioo kimepasuka, sauti haitoki. Mkeka wake bado uko pembeni palepale. Sijapata muda wa kuukunja.

Rukiya

---

Ganshoren, 24 Machi 2025

Mdogo wangu,

Kassimu mzima, Naïma mzima na sasa ananiita mama kwa sauti ya kawaida. Funga inakwenda vizuri, ila jua la hapa halina haraka ya kuzama. Barua yako ililetwa siku mbili kabla ya kikao. Yale ya kadhi ni uongo. Ulikosea jina la baba yetu, nani angekaa kimya?

Nakueleza kikao kama kilivyokuwa, usiongeze chumvi ukiwasimulia watu, maana najua utawasimulia.

Chumba kina joto, kiu imenishika koo. Direkta ni mtu mkubwa mwenye ndevu na tai, si mbaya, anampa kila mtu mkono. Mama wa ofisi ana karatasi zake. Kassimu na Naïma wamekaa kama washitakiwa. Karimu kwenye kiti katikati, miguu haifiki chini, na mezani Graciella kapanga wanyama wake.

Akaanza. "Karimu, tuonyeshe nani anapenda baridi." Kimya. Akamuuliza kwa Kifaransa, akamuuliza kwa Kilubumbashi chake. Kimya. Mama wa ofisi akaandika. Mimi nikamwita dubu mweupe kondoo. Aliniangalia kwa huruma, Rukiya. Mama wa ofisi akaandika tena, sijui kama aliniandika mimi.

Direkta akaona aibu yetu, akataka kusaidia. Akachukua dubu mweupe kwa mkono huu na pengwini kwa mkono ule, mtu mzima na tai yake, akaanza kuwachezesha mezani. Akasema dubu kaamka asubuhi, kaenda kugonga kwa jirani yake pengwini ili wanywe chokoleti pamoja.

Karimu akainua kichwa.

Akamtazama direkta. Halafu akageuka akanitazama mimi. Usoni, vile vile ulivyoandika. Naïma alikuwa karibu zaidi, hakumtazama Naïma. Mimi.

Na wewe unajua tulivyolelewa. Mtu mzima hasahihishwi. Mwenye tai ndiyo kabisa, mwenye tai ukimwona amevaa suruali kichwani unasema inakupendeza. Mkono wangu ulikuwa kwenye paja unawasha. Kassimu akanong'ona, "Mama, niache niseme nao." Nikamwambia wewe endesha tramu. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Sema, Karimu. Mwambie mzee amekosea."

Akashuka kwenye kiti. Akamnyang'anya direkta wanyama wote wawili. Akasema kwa Kifaransa, kizuri, sijui alikuwa anakiweka wapi: "Non, monsieur. Si majirani. Dubu anakaa juu kabisa ya dunia." Akamweka pembe ile ya meza. "Pengwini anakaa chini kabisa." Akaenda kumweka pembe ya huku, akazunguka viti vyote. "Hawajawahi kuonana. Hawawezi kutembeleana, ni mbali, na pengwini haruki. Na hakuna anayekunywa chokoleti."

Direkta akasema samahani, hakujua. Kweli hakujua, uso wake mzima ulionyesha hajui. Akauliza, "Et alors, wakikumbukana wanafanyaje?"

Karimu akafikiri. Akasema, "Hawafanyi kitu. Hata simu hawapigiani."

Watu wakacheka, hata mama wa karatasi. Mimi sikucheka. Nilikuwa na kiu.

Septemba anaingia darasa la kwanza na wenzake, katika shule ile ile. Graciella ataendelea naye, wanyama wa baridi wamekwisha, sasa ni wadudu, Mungu atusaidie. Naïma alimkumbatia direkta mpaka Kassimu akakohoa. Na tangu tutoke mlangoni pale mtoto hajanyamaza. Kamwambia baba yake kwamba tramu aliyopanda imefunga breki vibaya. Kaniambia nakariri sura moja kwa kuruka aya, na nimekwenda kuangalia, sikuambii nilichokiona. Jana nilimwambia anyamaze kidogo tu niswali, Naïma akanitolea macho, mkwe wangu, ndani ya nyumba yangu.

Sasa wewe. Barua hii Yusufu anaondoka nayo kesho, itakuwahi. Siku ya Idi, nikirudi msikitini, nitapiga simu. Si Kassimu, ni mimi. Kioo kimepasuka, azima simu kwa jirani, ukuta si ulianguka, nyoosha mkono. Sitaki habari za laini wala za umeme. Sikulazimishi kusema kwa nini huwa hupokei, na sikuambii kwa nini sikupiga mimi mwenyewe tangu mwezi wa nane. Tumezeeka, yaache.

Ukishika simu usilie, atadhani kuna mtu amekufa. Usimuulize hali yake, usimuulize kama anakukumbuka, hayo ni maswali ya polisi. Mwambie tu kwamba huko Buyenzi imeanguka theluji na kobe wake amerudi amevaa koti. Halafu kaa kimya.

Atanitazama mimi kwanza. Nitamwambia sema.

Dada yako,
Hidaya